Ukienda kumwona mgonjwa, mpelekee habari

Shangazi yangu figo zimechoka, anasafishwa damu mara 3 kwa wiki. Kwenye mashine anakaa kama saa 4, na ukijumlisha safari ya kutoka Mbagala, foleni, kupimwa uzito ili wajue wamtoe maji kiasi gani, na kusubiri kitanda, siku imekwisha. Mimi ni mmoja wa ndugu tunaopokezana kumsindikiza. Kwa hiyo nimesikiliza sana namna watu wanavyozungumza na wagonjwa, na nimeona uso wa mtu ukibadilika kwa sentensi moja tu.

Sentensi za kumshusha mgonjwa tunazijua, maana tunazisema sisi wenyewe na kwa nia njema kabisa. "Jamani, umekonda!" "Mbona umekuwa mweusi hivi?" Halafu ile nzito kuliko zote: "Hata marehemu mjomba alianza hivi hivi." Msemaji anadhani anaonyesha alivyoguswa. Mgonjwa mwenyewe anajua amekonda, nguo zake zimemwambia zamani. Na pole ni neno zuri, lisemwe, lakini ukilirudia kila baada ya sentensi kwa sauti ya msibani, mtu anaanza kujiona kama anaagwa.

Pale anaposafishiwa kuna nesi mmoja ambaye ningependa kila mtu amwone akifanya kazi. Shangazi ni fundi cherehani. Akiingia tu, yule dada anamwamkia, "Shikamoo fundi! Leo nina swali lako." Kisha wakati anatafuta mshipa mkononi aingize sindano 2, moja ya kupeleka damu kwenye mashine na nyingine ya kuirudisha, anauliza: "Nina kitenge cha harusi ya mdogo wangu, nishone gauni au sketi na blauzi?" Sindano zile zinauma. Lakini Shangazi anakuwa ameshamkagua kuanzia kichwani hadi miguuni: "Wewe una mabega mapana, mwanangu. Mikono usiijaze marinda. Shingo ikatwe pana kidogo, kiuno kibanwe." Anapomaliza kueleza, sindano zimeshakaa na plasta imebandikwa.

Nimeliwaza sana jambo hilo. Hajamsifia, wala hajamwambia awe na moyo mkuu. Amemwita kwa ufundi wake, akamtaka ushauri. Ugonjwa wa muda mrefu unamnyang'anya mtu nafasi yake: aliyekuwa akishonea mtaa mzima sasa anavalishwa viatu, aliyekuwa akiombwa ushauri sasa anapangiwa mambo bila kuulizwa. Kwangu mimi, neno linalomwinua mtu ni lile linalomrudisha kwenye nafasi hiyo, hata kwa dakika tano.

Kwa hiyo ukienda kumwona mtu, mpelekee habari. Nani kajifungua, nani kafaulu, kikoba kimefikia wapi, mwenye nyumba na wapangaji wamepatanaje. Muulize lile analolijua kuliko wewe. Mzee mmoja anayelala kitanda cha jirani ni Yanga damu, na kijana wake ni Simba. Wakianza kubishana kuhusu mechi, chumba kizima kinachangamka, hata wale waliokuwa wamejifunika shuka hadi usoni.

Ila uchangamfu usiwe wa kumziba mtu mdomo. "Utapona tu, hakuna kitu hapo" humwacha mgonjwa peke yake, kwa sababu yeye anajua kitu kipo. Afadhali umuulize, "Leo unajisikiaje kuliko juzi?" kisha unyamaze umsikilize. Akitaka kulia, alie. Habari za wapangaji zitasubiri.

Na matumaini unayompa yawe ya kweli. Bado kuna watu wanaomwambia mgonjwa wa figo kwamba bila kwenda India hakuna kitu, na kwa asiye na nauli ya ndege sentensi hiyo ni hukumu. Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Si kila mgonjwa atafaa kupandikizwa, hilo ni la madaktari. Lakini kumwambia mtu kwamba huduma ipo nchini, akamuulize daktari wake, ni maneno mema yenye kitu ndani.

Kuhusu zawadi, ulizia kwanza. Wageni wetu walikuja na ndizi, parachichi na madafu, wote kwa upendo. Vyote hivyo vina potasiamu nyingi, ambayo figo zilizochoka haziwezi kuitoa, na ikizidi mwilini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Hata maji ya kunywa Shangazi anapimiwa. Mgeni aliyekuja mikono mitupu na stori nzuri hakuwa amepungukiwa na kitu.

Ukiwa mbali, tuma ujumbe wa sauti. Uwe mfupi, ucheke humo humo kama unavyocheka siku zote, na usidai majibu, maana kuna siku mgonjwa hana nguvu hata ya kushika simu. Shangazi anazo anazozirudia akiwa kwenye mashine.

Halafu kuna mtu mwingine pale kitandani ambaye hakuna anayemsalimia vizuri: yule anayeuguza. Wageni wanamuuliza dawa, chakula, majibu ya vipimo, wakiridhika wanaondoka. Mwite pembeni, umwambie umeona anavyojitahidi, utaje na jambo lenyewe uliloliona, kama vile shuka alizofua au namna anavyomgeuza mgonjwa bila kumuumiza. Muulize yeye amekula nini tangu asubuhi. Kama una nafasi, mwambie aende akalale, ubaki wewe hadi jioni.