Maswali na Majibu ya Gari Lako: Taa Moja Nyonge na Alama ya Buluu Isiyozimika

SWALI: Salaam aleikum fundi. Nina gari dogo la Kijapani ambalo hulitumia kila alfajiri kuchukua samaki na kuwapeleka sokoni. Kwa muda sasa taa ya mbele ya kushoto imekuwa ikiwaka kwa unyonge ninapotumia dimu, ilhali ya kulia ni kali kama kawaida. Kinachonishangaza zaidi ni ile alama ya buluu kwenye dashibodi: inapaswa kuwaka ninapoweka fulu tu, lakini sasa inamulika kidogo hata nikiwa kwenye dimu. Fundi mmoja alinibadilishia balbu, na alipoona hakuna mabadiliko akasema niagize taa nzima. Je, niinunue? — Msomaji, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Taa usiinunue. Maelezo yako, hasa hilo la alama ya buluu, yananionyesha kwamba kasoro haimo ndani ya taa bali katika njia ya umeme ya upande wa kushoto: ama ethi ya upande huo (njia inayorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi ya gari) imekatika, ama umeme unaopaswa kuilisha taa hiyo haufiki.

Nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu ukishaelewa umeme unapita wapi hutakubali tena kubadilishiwa vipuri kwa kubahatisha. Balbu ya aina ya H4, yenye pini tatu, ina filamenti mbili (nyuzi zinazowaka) ndani ya kioo kimoja, moja ya dimu ya wati 55 na nyingine ya fulu ya wati 60, na zote mbili zinakutana kwenye pini moja ya pamoja. Katika magari ambayo pini hiyo imefungwa kwenye ethi, umeme wa dimu huingia kwa pini yake, hupita kwenye filamenti, hutokea kwenye pini ya pamoja na kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari. Ethi ya kushoto ikikatika, umeme huo haukomi, bali hufuata njia nyingine iliyo wazi. Hupita kinyumenyume kwenye filamenti ya fulu ya balbu hiyohiyo, huingia kwenye waya wa fulu unaounganisha taa zote mbili, kisha hushuka ethi kupitia filamenti ya fulu ya taa ya kulia. Filamenti tatu zimejipanga katika mstari mmoja na zinagawana volti 12, kila moja ikipata takriban theluthi. Kwa kuwa alama ya buluu imeungwa kwenye waya uleule wa fulu, nayo hupata volti chache na kumulika. Ukichungulia ndani ya taa ya kushoto gizani utaona nyuzi zote mbili za balbu zinawaka kwa wekundu hafifu, ambapo katika taa nzima ungeona moja tu, nyeupe na kali.

Magari mengi ya Kijapani, hata hivyo, yamefungwa kwa mpango wa kinyume. Pini ya pamoja hupokea chanya moja kwa moja kutoka kwenye fyuzi, na swichi ya dimu na fulu ndiyo inayofunga upande wa ethi. Katika gari la namna hiyo dalili ni zilezile ulizozitaja, ila chanzo chake ni chanya iliyopotea upande wa kushoto. Kwa hiyo anza na fyuzi. Fungua kisanduku cha fyuzi kilichomo chini ya boneti, soma maandishi ya kifuniko, na utafute fyuzi ya taa ya kushoto, kwani magari mengi yana fyuzi ya kila upande, aghalabu ya ampea 10 au 15. Ichomoe uitazame dhidi ya mwanga. Ikiwa imekatika, weka nyingine ya kipimo kilekile. Ikikatika tena papo hapo, kuna waya uliochubuka unaogusa bodi, na huo lazima utafutwe kwanza. Kuweka fyuzi kubwa zaidi ili isikatike ni kukaribisha moto, na ninasikitika kwamba bado jambo hili linafanywa.

Fyuzi ikiwa nzima, chukua mita ya umeme, iweke kwenye volti za moja kwa moja (DC) za kipimo cha 20, na uache balbu zote mbili zikiwa ndani ya soketi zake, taa zimewashwa. Hapo ndipo wengi wanapokosea: huchomoa soketi, hupima, huona volti 12 kamili na kutangaza kwamba waya ni mzima. Waya uliobakiwa na uzi mmoja tu wa shaba utaonyesha volti 12 maadamu hakuna kinachovuta umeme, kisha volti hizo zitaporomoka mara tu balbu inapodai karibu ampea 5.

Upande wa kulia, ambao ni mzima, ndio utakaokuongoza. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye hasi ya betri yenyewe, wala si kwenye bodi, na uingize ncha nyekundu nyuma ya soketi ya kulia, pini baada ya pini, huku mwenzako akibadilisha dimu na fulu. Pini ambayo kipimo chake hakibadiliki ndiyo ya pamoja. Ikiwa inasoma karibu na sifuri, gari lako ni la ethi ya pamoja. Ikisoma kama volti 12, ni la chanya ya pamoja. Sasa pima pini hiyohiyo upande wa kushoto, ukiwa kwenye dimu. Katika gari la ethi ya pamoja, ethi nzuri haipaswi kuzidi sehemu mbili za kumi za volti. Ukiona volti kadhaa, ethi ndiyo mgonjwa. Katika gari la chanya ya pamoja, ukiona volti 4 au 5 mahali pa 12, fuata waya huo kurudi nyuma hadi kwenye kisanduku cha fyuzi, ukipima kila kiungo, mpaka utakapofika pale volti zinaporejea.

Kwa gari linalolala Likoni, upepo wa bahari ukilipiga usiku kucha, mimi ningeanza kushuku viungo kabla ya kitu kingine chochote. Bolti ya ethi mara nyingi imejificha nyuma ya taa au kando ya kitako cha betri, na juu inaweza kuonekana safi kabisa. Ifungue. Chini ya kichwa cha waya utakuta unga wa kijani juu ya shaba na kutu ya kahawia juu ya bati. Ondoa kwanza waya wa hasi wa betri, kisha piga msasa sehemu zote mbili mpaka chuma king'ae, kaza bolti barabara, na baada ya kukaza ndipo upake grisi juu yake ili chumvi isiingie tena. Kata pia kipande kidogo cha ganda la waya karibu na kichwa chake: ikiwa shaba imekuwa nyeusi, endelea kukata hadi ufikie shaba nyekundu inayong'aa, kwa maana shaba nyeusi haishiki risasi ya kulehemu wala haibani vizuri. Waya ukiwa umekuwa mfupi mno, funga mpya wa milimita za mraba 2.5. Kiungo kilichosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu hakidumu hapa Pwani. Gundi ya tepu huyeyuka kwa joto la injini na unyevu hujipenyeza ndani.

Itazame na soketi yenyewe. Plastiki iliyogeuka kahawia au kulegea karibu na pini moja inaonyesha kwamba pini hiyo imekuwa ikichemka kwa kutoshika vizuri, na soketi ya namna hiyo haitengenezeki; badilisha kwa ile ya kauri. Ukiirudisha balbu, usiguse kioo chake kwa vidole vitupu, kwa sababu mafuta ya ngozi huifupishia maisha.

SWALI: Taa zangu zote mbili ni hafifu, na kijana wa duka la vipuri ananishauri nifunge balbu za wati 100. Zinafaa? — Mama Msomaji, Bamburi

JIBU: Hazifai, mama. Balbu ya wati 55 huvuta karibu ampea 4.6, na ya wati 100 huvuta zaidi ya 8, hivyo joto ndani ya waya uleule huongezeka zaidi ya mara tatu, na soketi na swichi ndizo zinazoungua mwanzo. Pima volti kwenye balbu ulizonazo, injini ikiwa inanguruma, na ulinganishe na za kwenye betri. Tofauti ikizidi nusu volti, nyaya zinakunyima mwanga: balbu inayopata asilimia 90 ya volti zake hupoteza karibu theluthi ya mwanga wake. Mwombe fundi akufungie rilei (swichi inayoamshwa kwa umeme mdogo), ili umeme wa taa utoke kwenye betri moja kwa moja kwa waya mnene wenye fyuzi yake karibu na betri, na swichi ya zamani ibaki na kazi ya kuamsha rilei tu. Volti zikiwa sawa, basi kagua kioo cha nje cha taa, ambacho kikiwa cha plastiki jua la huku hukigeuza manjano, na ukisafishe kabla ya kutumia pesa kwa kitu kingine.