Kubeba picha isiyokauka

Swali: Wasanii wa mtaani kwetu watafungua nyumba na karakana zao kwa wageni. Nikinunua picha ya rangi za mafuta, niibebeje?

Jibu: Kwanza muulize msanii aliimaliza lini. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji. Hunyonya oksijeni ya hewani na kuganda polepole. Tabaka jembamba huchukua siku kadhaa, lakini lililonenepa huweza kukauka juu likabaki bichi ndani kwa miezi. Tafadhali usiipime kwa kidole.

Plastiki yenye viputo isiguse rangi kabisa, maana huacha miduara midogo usoni mwa picha. Tafuta boksi bapa, lenye kina kuizidi picha kwa sentimita 5 hivi. Ilaze uso juu, kisha zibane mbao za fremu iliyowambwa kitambaa cha picha kwenye kitako cha boksi kwa tepu, isiteleze. Ishike kwa kingo tu. Vidole vikisukuma kitambaa kwa nyuma, rangi iliyokauka hupasuka baadaye.

Akriliki, yaani rangi ya plastiki inayochanganywa na maji, hukauka haraka, ila kwenye joto hunata, kwa hiyo iepushe na jua garini.

Na ukiona 3/20 chini ya picha ya chapa, yaani iliyochapwa kwa nakala kadhaa, ni nakala ya 3 kati ya 20, si tarehe.