Voxy inatetemeka baada ya kubadilishwa oili ya giaboksi

SWALI: Nina Toyota Voxy ya mwaka 2005, injini 1AZ-FSE. Fundi alimwaga oili ya giaboksi akaweka haidroliki nyekundu ya kawaida, akasema ndiyo anayoweka kwenye Noah na Voxy zote. Wiki mbili baadaye gari linatetemeka likianza kuondoka, na kwenye mlima injini inalia sana lakini mwendo hauongezeki. Sasa ananishauri niweke dawa ya giaboksi, au ninunue giaboksi nyingine. Nifanye nini?

JIBU: Dawa usiweke, na giaboksi usinunue bado. Gari lisitembee tena mpaka oili hiyo itoke, na hasa usilipandishe mlima.

Kosa liko kwenye hayo maneno "Noah na Voxy zote". Noah ya 1996 hadi 2001, ile ya TownAce na LiteAce, injini iko chini ya viti vya mbele, inasukuma magurudumu ya nyuma, na giaboksi yake ni otomatiki ya gia. ATF, yaani ile haidroliki nyekundu, ndiyo chakula chake. Mwaka 2001 ikaja Noah mpya, bodi ya AZR60, inayovuta kwa mbele, na Voxy ikazaliwa hapo. Nayo ilianza na otomatiki ya gia nne. Agosti 2004 Toyota waliipa sura mpya kidogo, na humo ndani wakatoa zile gia nne wakaweka CVT. Ya 2003 na ya 2005 zikiegeshwa pamoja utasema mapacha, kumbe oili ya moja ni sumu kwa nyingine. Mafundi wengi walishika kazi kwenye zile za zamani, mkono ukazoea kopo moja.

CVT haina gia za kupanda na kushuka. Ina mkanda wa chuma uliobanwa kati ya puli mbili, na puli hizo hujitanua na kujibana ili mwendo ubadilike. Oili yake ina kazi mbili zinazogombana: ilainishe vyuma, na papo hapo iache chuma kishike chuma bila kuteleza. ATF imetengenezwa kwa ajili ya klachi, zishikane taratibu bila kushtua. Ukiiweka kwenye CVT, mkanda unaweza kuteleza kila unapodai nguvu, na kila ukiteleza unakwaruza uso wa puli. Mkwaruzo huo hakuna dawa ya kopo inayouziba, hata lebo iseme nini. Mlio wa injini bila mwendo unaousikia mlimani ni dalili ya kitu kuteleza humo ndani.

Anza na kibati cha gari kwenye chumba cha injini, mstari wa TRANS/AXLE. Herufi K ikifuatwa na tarakimu tatu ni CVT; U au A ni otomatiki ya gia. Usitegemee mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari, maana unaweza kuwa wa usajili, si wa kutengenezwa.

Ikiwa ni K, nunua oili ya Toyota iitwayo CVT Fluid TC. Fungua bolti ya kumwagia, kinga oili yote kwenye chombo, uipime kwa lita. Safari hii ya kwanza shusha na sampu yenyewe, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, utazame sumaku zilizo ndani. Ute wa kijivu, laini kama masizi ukiusugua kwa vidole, ni uchakavu wa kawaida. Ukikuta vipande vinavyomeremeta au vinavyochoma kidole, mkanda au puli zimeshaliwa, na hapo tu ndipo neno giaboksi nyingine lina maana. Sumaku zikiwa safi, badilisha filta na gasketi, funga, rudisha oili mpya kwa kipimo kile kile kilichotoka.

Kumwaga mara moja hakutoshi. Oili nyingi hubaki kwenye torki konveta na kwenye njia za vali. Ikitoka nusu tu, ya zamani inabaki nusu. Ukirudia mara ya pili inabaki robo, ya tatu inabaki sehemu moja ya nane. Fanya tatu. Katikati washa injini, kanyaga breki, pitisha lever P, R, N, D taratibu, kisha tembea kilomita chache sehemu tambarare. Kiwango kipimwe injini ikiwa inaunguruma na oili ikiwa kwenye joto linalotajwa na kitabu cha matengenezo, si asubuhi gari likiwa baridi. Mashine ya kuosha kwa presha ikataeni. Hutikisa uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye vali.

Mtetemo ukibaki gari likiwa limesimama kwenye D na breki imekanyagwa, acha giaboksi, kagua mauntingi (raba zinazoshikilia injini) na injini yenyewe. Injini yako ni ya D-4, mfumo unaopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo kaboni hujaa kwenye njia ya hewa na vali za kuingizia hazioshwi na mafuta. Nimechoka kuona giaboksi nzima zikishushwa kwa sababu ya koili moja ya plagi iliyokufa.

Wenye familia kubwa wengine msidhani haya ni ya Voxy peke yake. Alphard ya 2.4 kabla ya 2008 ni ya gia, kizazi kilichofuata ni CVT, lakini yenye V6 ya 3.5 humo humo ina gia sita. Estima ya 2006 vivyo hivyo: 2.4 CVT, 3.5 gia sita. Nissan Serena C25 inataka oili ya CVT ya NS-2, C26 inataka NS-3. Kopo linalojisifu kufaa ATF na CVT kwa pamoja liacheni dukani. Na Noah au Voxy ya haibridi iliyoanza 2014, ingawa wauzaji huiita CVT, haina mkanda wowote. Ina gia za sayari na mota za umeme, na hiyo hutumia ATF ya Toyota aina ya WS. Wapo waliokwisha kuijaza oili ya CVT wakiamini wanaitunza.