Ukurasa Ukiwa Mzito, Msikimbilie Kubana Picha

Wadogo zetu mnaoanza kazi ya tovuti, tunawapenda, lakini hili linachosha. Mteja akilalamika kwamba ukurasa haufunguki haraka, mnabana picha zote kabla ya kujua muda unapotelea wapi. Wengine mnaongeza plagini ya kuharakisha juu ya nyingine mbili za kazi hiyohiyo.

1. Pima ukiwa katika hali ya msomaji. Fungua Chrome kwenye dirisha fiche, bonyeza F12, ingia Network, weka tiki kwenye Disable cache, chagua 3G, pakia upya. Kwenye Performance punguza nguvu ya prosesa mara 4. Msomaji ana simu ya bei nafuu na bando la siku, hana laptop yako wala faiba ya ofisini.

2. Anza na mstari wa juu kabisa wa orodha ya Network, yaani HTML yenyewe. Ukipima kwa mtandao wa kawaida, bila kuubana, na baiti ya kwanza (mwanzo wa jibu la seva) ikachukua zaidi ya milisekunde 800, picha hazina kosa. Kagua hifadhidata, kashe ya seva (nakala za kurasa zilizokwisha andaliwa), na seva iko wapi. Muunganisho mpya wa HTTPS unahitaji safari kadhaa za kwenda na kurudi, na kutoka Dar es Salaam hadi Ulaya kila safari ina gharama yake. Kumrusha msomaji kutoka http kwenda https, halafu tena kwenda www, kunaongeza safari juu ya safari.

3. Picha kuu ya juu. Hapa mnaumia sana, tena kwa nia njema. Mmesikia loading="lazy" ni nzuri, mnaibandika kwenye kila picha. Kivinjari kikikuta alama hiyo hakiiombi picha papo hapo. Kinasubiri kwanza kijue mpangilio wa ukurasa, na mpangilio nao unasubiri CSS, yaani faili za mwonekano. Picha iliyopaswa kutangulia inakaa nyuma ya skripti za matangazo, LCP (muda hadi kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane) inapita kikomo kizuri cha sekunde 2.5, nanyi mnaibana tena hadi nyuso za watu zinakuwa ukungu, na muda haupungui hata kidogo! Tazameni upau wake kwenye Network: kama ni mfupi lakini umeanza mbali kulia, uzito hauhusiki, picha imechelewa kuombwa. Ondoeni lazy, wekeni fetchpriority="high", inayokiambia kivinjari kuipa picha hiyo kipaumbele. Picha hiyo iwe ndani ya HTML. Ikifichwa kwenye CSS au ikiletwa na JavaScript, kivinjari hakiijui mpaka faili hizo zifike. Lazy ni ya picha za chini, zile msomaji atakazozifikia akiteremka.

4. Skripti za nje: zuia moja moja hapohapo Network, pima tena, utaiona inayokula muda. Zisizohitajika mapema zipe defer, zisubiri HTML isomwe yote ndipo zifanye kazi. Fonti ziwe WOFF2 (muundo uliobanwa) na font-display: swap, ili maandishi yaonekane kwa fonti ya akiba wakati fonti yenyewe inakuja.

5. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Alama ya Lighthouse, kipimo cha ukurasa kilichomo ndani ya Chrome, hupanda na kushuka hata usipogusa chochote, kwa hiyo pima mara tano, kabla na baada, ulinganishe namba za katikati.