Anza na Daktari wa Paul McGann

Ndugu yangu, umeuliza uanzie wapi na tamthilia za sauti za Doctor Who (hadithi za Kiingereza kuhusu Daktari, msafiri wa wakati anayeigizwa na waigizaji mbalimbali), na kama ni lazima kwanza utazame vipindi vyote vya zamani vya televisheni. Si lazima. Vilirushwa tangu 1963 hadi 1989. Ukisubiri uvimalize utajinyima raha bure.

Kampuni ya Big Finish ya Uingereza ilianza kuendeleza hadithi hizo kwa sauti mwaka 1999, ikiwarudisha waigizaji wale wale. Nakushauri uanze na Paul McGann, mmoja wa waigizaji wa Daktari. Kabla ya tamthilia hizo alikuwa amemwigiza Daktari katika filamu moja tu ya televisheni, ya 1996, kwa hiyo Daktari wake amekomaa kwenye sauti, na hakuna historia ndefu ya kukuchanganya. Sikiliza Storm Warning ya 2001. Tuko mwaka 1930 ndani ya R101, chombo kikubwa cha angani cha Waingereza kinachoelea kwa gesi, na Daktari anamwokoa Charley, msichana aliyepaswa kufa humo. Huruma hiyo inavuruga mkondo wa wakati, na matokeo yake yanawaandama hadithi baada ya hadithi, kwa hiyo zifuate kwa mpangilio. The Chimes of Midnight usiiruke kabisa! Nyumba ya hadithi hiyo inatisha mno, kwa kuwa huoni chochote, unasikia tu saa ikigonga.

Vaa hedifoni, kaa mahali patulivu. Mlango ukifunguliwa, ni sauti tu itakayokuambia. Ukinogewa, tafuta Jubilee ya 2003, ya Robert Shearman. Mawazo yake ndiyo aliyoyatumia kuandika kipindi cha televisheni kiitwacho Dalek, jina la maadui wakubwa wa Daktari, mwaka 2005.