NfL ya mzee imepanda: je, seli za ubongo zinakufa?

Swali

Daktari, habari za kazi. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi, mambo ya neva yako mbali nami kidogo. Baba yangu ana miaka 69. Ana kisukari kwa miaka 12 na muda wote huo anatumia metformini. Miguu inamwaka moto usiku, na vipimo vinaonyesha figo zimeanza kulegea. Miezi ya karibuni amekuwa mzito wa kufikiri na anasahau. Alipimwa kwa MoCA, kile kipimo cha kumbukumbu na kufikiri, akapata 22 kati ya 30. Shule alisoma miaka 7 tu. Alishindwa kuunganisha namba na herufi, mchemraba ulimshinda kuchora, na kutoa saba saba kuanzia 100 hakupata hata moja. Kwenye maneno matano alikumbuka mawili, ila alipodokezwa aliyapata yote yaliyobaki. Kwingine hakupoteza kitu. Baadaye alipimwa NfL kwenye damu, ikaja juu kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake, tukaambiwa maana yake seli za ubongo zinakufa. Je, ni Alzheimer? Na kuna namna ya kuzinusuru seli hizo?

Jibu

Pole sana na kuuguza, dada yangu. Nianze na hilo neno "zinakufa", maana naona ndilo lililowanyima usingizi.

NfL ni protini ya kiunzi. Imo ndani ya aksoni, ule uzi mrefu wa seli ya neva, na kazi yake ni kuupa unene na uimara. Aksoni ikijeruhiwa, protini hii huvuja, na kiasi kidogo mno, cha kuhesabiwa kwa pikogramu, hufika kwenye damu. Basi NfL iliyopanda inakuambia kuna aksoni zimeumia. Haikuambii seli imekufa, kwa sababu aksoni huweza kuumia na seli yenyewe ikabaki hai. Wala haikuambii aksoni hizo ziko sehemu gani ya mwili.

Na hapo ndipo ninapokwama na tafsiri mliyopewa. Neva za miguuni nazo zina aksoni, tena ndizo ndefu kuliko zote mwilini, na miguu inayowaka kwa mgonjwa wa kisukari ni dalili ya kawaida kabisa kwamba neva hizo zinaumia. Juu ya hapo, figo zikilegea NfL hupanda kwenye damu hata pasipo jeraha jipya. Sisemi ubongo wa mzee ni mzima. Nasema kipimo hiki peke yake hakiwezi kuutenganisha ubongo wake na miguu yake.

Sasa MoCA. Hebu tuhesabu alama alizopoteza: maneno matatu, herufi na namba moja, mchemraba mmoja, kutoa saba saba tatu. Jumla nane, zinabaki 22. Maana yake hakuongezewa alama moja ambayo kanuni ya kipimo hicho, tangu kilipochapishwa mwaka 2005, inampa mtu aliyesoma miaka 12 au pungufu. Alama yake sahihi ni 23. Bado iko chini ya 26, mpaka wa kawaida wa kipimo hicho, lakini kwa mtu wa miaka 7 ya shule mimi siitumii 26 kama ukuta. Vitu vitatu kati ya vile vilivyomshinda vinategemea sana kalamu na darasa.

Ninachokitazama zaidi ni kwamba alipodokezwa, maneno yalirudi. Katika Alzheimer ya kawaida, sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya huguswa mapema, na hapo hata ukimdokeza mtu hapati kitu, kwa kuwa neno halikuwekwa. Kwa mzee neno liliwekwa, kulitoa ndiko kuliko kuzito. Mwenendo huo, pamoja na kushindwa hesabu, hunielekeza kwenye mishipa midogo ya damu ya ubongo, huzuni kali, usingizi mbovu, dawa zinazolewesha, au upungufu wa kitu mwilini. Haufuti Alzheimer, ila unaisogeza nyuma kwenye foleni.

Upungufu wenyewe ninaoutilia shaka ni wa vitamini B12. Metformini ikitumika kwa miaka mingi hupunguza ufyonzwaji wake utumboni. B12 ikipungua, huumiza neva za miguu na huleta uzito wa kufikiri, vyote viwili, na huweza kufanya hivyo bila upungufu wa damu kuonekana. Apimwe wiki hii. Jibu likija katikati, pasipoeleweka, hupimwa asidi ya methilimaloniki, ambayo hupanda B12 ikipungua, lakini mkumbushe daktari wake kwamba nayo hupanda figo zikilegea. Apimwe pia tezi ya thairoidi, aulizwe kuhusu sukari kushuka, na masikio yake yachunguzwe. Metformini asiiache mwenyewe; B12 huongezwa huku dawa ikiendelea.

Kipimo cha damu kinachoihusu Alzheimer hasa ni cha protini iitwayo p-tau217. Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kipimo kinacholinganisha protini hiyo na nyingine, amiloidi beta 42, kwa watu wa miaka 55 na zaidi wenye dalili. Mzee akibaki hivi baada ya kutibiwa hayo mengine, nitakiunga mkono. Figo hugusa p-tau217 pia, ndiyo maana uwiano ni bora kuliko namba moja.

Kuhusu kuzinusuru seli: kwamba seli za neva huhitaji protini fulani ili ziishi, tulijifunza kwa Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986 kwa kazi yao juu ya vichocheo vya ukuaji, mojawapo NGF, kichocheo cha ukuaji wa neva. Niliitegemea sana habari hiyo. Lakini jaribio la kupeleka jeni ya NGF ndani ya ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, matokeo yake mwaka 2018, halikuonyesha nafuu ya akili. Kwa hiyo yeyote atakayewauzia kidonge cha "kulisha neva" msimpe pesa. Kwa mzee, kinacholinda aksoni leo ni sukari na shinikizo la damu kudhibitiwa, na B12 kurudishwa kama imepungua.

Swali moja umeliacha: je, bado anapanga dawa zake na kushika fedha zake mwenyewe? Bila jibu hilo hakuna anayeweza kusema demensia, yaani akili kupungua hadi shughuli za kila siku zinamshinda mtu. Niandikie hilo pamoja na majibu ya B12 na kreatinini, kile kipimo cha figo, na utume karatasi nzima ya MoCA, si jumla peke yake.