Anza na kiti kilichovunjika

Haipiti wiki bila kijana kusimama mbele ya kibanda chetu hapa Isevya, Tabora, na kuomba afundishwe useremala. Nikimuuliza angependa kuanza na nini, jibu huwa kitanda, kabati la nguo au seti ya makochi. Namwelewa. Nilipoacha kazi ya dukani nikiwa na miaka 29, na mimi nilitaka kitanda. Lakini kwa mtu anayeanza bila kujua hata kushika msumeno, ushauri wangu ni mmoja: tafuta kiti kilichovunjika. Huhitaji kukinunua. Karibu kila nyumba ina kiti, kigoda au droo iliyotupwa uani ikisubiri kuwa kuni. Omba kimoja.

Kitu kipya hakikwambii kitaharibikia wapi, ila kilichovunjika kimeshasema. Mguu umechomoka kwa sababu ulimi, ile ncha ya mbao inayoingia kwenye tundu la mbao nyingine, ulikuwa mfupi, au mbao ilifungwa ikiwa mbichi ikasinyaa ndani ya tundu, au kuna mtu aligonga misumari mitatu mahali pamoja mbao ikapasuka. Ukishakarabati viti kumi vya namna hiyo, siku unapounda cha kwako mkono unajua wenyewe pa kuongeza nguvu. Tena mwenye kiti cha kutupwa hakudai haraka, na ukikosea hujamharibia mtu mali mpya.

Kabla hujakigusa hicho kiti, jifunze kunoa.

Mzee aliyenifundisha, fundi wa mtaa wa Ng'ambo hapahapa Tabora, hakunipa mbao wiki mbili za mwanzo. Alinipa patasi moja ya nusu inchi, makali yake yana mapengo, pamoja na jiwe la kunolea. Niliona ananitesa. Sasa nikipokea mwanafunzi namfanyia vilevile, maana sijaona njia ya mkato. Unaanza na mgongo wa patasi, ule upande bapa. Ulaze wote juu ya jiwe, sugua mpaka sehemu iliyo karibu na makali ing'ae sawasawa, bila doa la giza. Mgongo usiponyooka hupati makali hata ukishinda unasugua upande wa pili. Kisha geukia mshazari, ule upande ulioinama kuelekea makali. Urefu wa mshazari uwe kama mara mbili ya unene wa bapa la patasi. Hapo umepata pembe ya nyuzi 30, inayovumilia mbao ngumu kama mninga. Ukiufanya mrefu zaidi, patasi itateleza vizuri kwenye paina, lakini kwenye mbao ngumu ncha itamegeka.

Sugua kwa maji au mafuta, mkono ukishika pembe ileile, hadi ukipitisha kidole taratibu mgongoni, kutoka ndani kuelekea nje, usikie kinyuzi cha chuma kimejikunja ukingoni. Kisiponyanyuka kinyuzi hicho upana wote wa patasi, hujafika kwenye makali, endelea. Ukikisikia, laza mgongo kwenye jiwe mara mbili tatu kikatike, malizia kwenye kipande cha mkanda wa ngozi. Huna jiwe? Chukua kioo kinene, kilowanishe, bandika msasa wa maji namba 400, halafu 800, halafu 1200. Mimi nilitumia kioo cha dirisha lililovunjika kwa karibu mwaka mzima.

Pima kwa kukata kichwa cha mbao ya paina, pale nyuzi zinapoishia. Patasi kali huacha uso unaong'aa. Butu husaga nyuzi na kuacha vumbi na mistari myeupe. Na patasi butu ndiyo inayojeruhi, kwa sababu unaisukuma kwa nguvu halafu inateleza. Kovu la kidole gumba changu cha kushoto lilitoka hapo: mkono ulikuwa mbele ya makali. Mikono yote miwili ikae nyuma ya makali, kila siku, hata kwa kazi ya sekunde mbili.

Sasa kiti. Tuseme mguu mmoja unacheza. Usigonge msumari. Ndivyo walivyofanya waliokutangulia, na ndiyo maana kimerudi. Chomoa misumari yote kwa koleo, ukiweka kipande cha mbao chini ya koleo usichubue kiti. Andika alama kwa penseli kila kiungo kabla ya kukitenganisha, A na A, B na B, maana viungo vinne vinavyofanana kwa macho havifanani hata kidogo ukianza kuvirudisha. Kisha kwangua gundi ya zamani mpaka uone mbao tupu, kwenye ulimi na ndani ya tundu. Hatua hii wengi huiruka. Gundi nyeupe ya mbao hushika kwa kuingia kwenye nyuzi. Ukiipaka juu ya gundi iliyokauka inakaa juujuu tu, na baada ya miezi miwili mguu unacheza tena.

Ulimi ukiwa umepwaya, bandika kijipande chembamba cha maranda ubavuni mwake kwa gundi, acha kikauke, kisha punguza kidogokidogo mpaka uingie kwa kusukuma na kiganja. Ukihitaji nyundo, umekaza mno na utapasua tundu. Ukidondoka wenyewe, umelegea.

Klampu, vile vibanio vya kushikilia mbao gundi ikikauka, ni ghali, na anayeanza hana haja nazo. Nenda kwa fundi baiskeli, omba tyubu iliyochoka, ikate vipande virefu vya upana wa vidole viwili. Zungusha kwenye kiti huku ukivivuta kwa nguvu, mzunguko juu ya mzunguko. Mpira unabana kuliko unavyodhani na haukwaruzi. Kabla gundi haijashika, simamisha kiti mahali palipo sawa, pima kwa kamba kutoka kona hadi kona ya mkabala, kisha kona zile nyingine mbili. Vipimo vikilingana, kiti kimekaa mraba. Visipolingana, sukuma kona yenye kipimo kirefu kuelekea ile ya mkabala. Halafu kiache mpaka kesho yake, saa 24, hata mwenyewe akija kukaa mlangoni.

Jambo jingine nililojifunza kwa viti: usipime kwa tepu kama unaweza kuhamisha kipimo chenyewe. Unatafuta urefu wa mguu mpya? Laza ule mzima juu ya mbao mpya, chora kwa kisu. Tepu ina makosa mawili, la kusoma na la kuandika. Mguu uliolazwa juu ya mbao hauna hata moja.

Niseme na la mlango, kwa sababu liliniuma na sipendi likupate.

Ilikuwa Februari, mwaka wangu wa pili. Mama mmoja wa Kanyenye aliniita mlango wake umekaza. Nikaushusha, nikapiga randa ubavu mzima, karibu milimita tano, ukafunga vizuri, akanilipa na kunishukuru. Agosti akanipigia. "Mwanangu, hebu njoo uutazame mlango wako." Mwanga ulikuwa unapita ubavuni kutoka juu mpaka chini, na vumbi la kiangazi limejaa mpaka kitandani kwake.

Mbao haifi ikishakatwa kiasi cha kuacha kunywa unyevu. Hewa ikiwa na maji mengi inavimba, hewa ikikauka inasinyaa, na hufanya hivyo kwa upana; kwa urefu wa nyuzi haibadiliki karibu kabisa. Huku kwetu mvua hunyesha Novemba hadi Aprili, kisha inafuata miezi ya ukavu mtupu. Mlango nilioupima Februari ulikuwa umevimba. Nilikata unene ambao kiangazi kingeuondoa chenyewe. Nilibandika kipande cha mninga ubavuni bila kumdai chochote, na kila nikipita kwake nakiona, rangi yake imeiva kuliko mbao nyingine.

Kwa hiyo ukiitiwa mlango uliokaza wakati wa mvua, anza na bawaba. Mara nyingi skrubu za bawaba ya juu zimelegea, mlango umelala, na kona ya juu upande wa kitasa ndiyo inayokwaruza. Jaza matundu ya skrubu kwa vijiti vya kiberiti na gundi, ikauke, rudisha skrubu. Bawaba zikiwa nzima, paka chaki kwenye fremu, funga mlango, fungua. Piga randa pale tu chaki ilipohamia kwenye mlango, ukitoa ubapa mwembamba kama karatasi. Halafu paka vanishi sehemu uliyoiacha wazi, pamoja na kichwa cha juu na cha chini cha mlango. Watu huvisahau vichwa hivyo kwa sababu havionekani, na ndivyo vinavyonywa maji kuliko sehemu nyingine yoyote.

Kununua mbao ni somo refu. Kwa sasa shika machache. Inua mbao mbili za kipimo kimoja. Iliyo nzito zaidi huenda bado mbichi. Iweke shavuni: mbichi ni ya baridi. Tazama kutoka kichwa kimoja kama mtu anayelenga shabaha, utaona kama imepinda au imejisokota. Kwenye mninga na mkurungu, sehemu nyeupe ya nje ndiyo chakula cha bungua, wadudu wanaotoboa mbao. Kiini cha kahawia ndicho unacholipia. Na ukikuta moyo wa mti, ile duara ndogo ya katikati, iache au ipasue uitoe. Mbao yenye moyo hupasuka ikikauka, ndiyo maana vigoda vingi vya zamani vya gogo moja vina ufa unaoanzia katikati. Nunua kwa muuzaji mwenye vibali na risiti. Misitu yetu ya miombo imekatwa vya kutosha, na mbao isiyo na karatasi inaweza kuishia mikononi mwa maafisa wa misitu pamoja na pesa yako.

Mbao ngumu toboa kwanza ndipo uweke skrubu, na uipitishe skrubu kwenye nta. Tabora tuna nta ya nyuki. Donge dogo linakaa mwaka mzima, na droo inayokwama ukiipaka chini inateleza kama mpya. Ukilazimika kutumia msumari karibu na ukingo, gonga ncha yake kidogo iwe butu, utasaga nyuzi badala ya kuzitanua, na mbao haitapasuka. Vaa barakoa unapopiga msasa, kwa kuwa vumbi la mninga huwasha ngozi na hukaba kifua cha baadhi ya watu. Mashine ya randa na msumeno wa duara visubiri. Vitakuja, na ukivifikia ukiwa unajua nyuzi zinaelekea wapi, utavitumia kwa usalama zaidi.

Ukiwa na uwezo wa kwenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, nenda, hapa Tabora chuo kipo. Na ukijifunzia mtaani kama mimi, fahamu kwamba VETA hupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ukapewa cheti. Ulizia mapema, si siku unapotaka zabuni ya madawati.

Vifaa vya kuanzia: patasi ya nusu inchi, msumeno wa mkono, nyundo, skwea ya kupimia pembe mraba, penseli, jiwe au kioo na misasa, gundi, tyubu ya baiskeli. Randa utaazima. Jumamosi hii usiunde kitu. Chukua kiti, kigeuze miguu juu, kitikise kila kiungo kwa zamu ukisikiliza kinacholia, na uweke alama ya chaki hapo.